Kashata Iliyomwagwa kwa Mkupuo

Sikudhani wa Majengo, Dodoma, anapika kashata za karanga, na ukimkuta jikoni simu yake imeegemea kopo la iliki inaonyesha volkano. Siyo utani. Tangu mdogo wake Hanifu aanze kupeleka lori Goma, dada mtu kaangalia video za milima ya moto hadi wateja wanamwita Mama Lava.

Sasa jioni ile ya Mei 2021, sukari inatokota, Hanifu akapiga. Mlima umepasuka. Nyuma yake watu wanakimbia, unasikia kabisa.

"Toka hapo," Sikudhani akasema.

"Dada, bosi kasema nisiache gari, na barabara imeziba. Ila lava si inatembea kama kobe? Ulinionyesha mwenyewe. Nikiiona inakuja, nashuka naondoka."

Kweli Sikudhani alimwonyesha. Ila ile ya kwenye video ilikuwa nzito, inatoka kidogo kidogo, tena kwenye tambarare. Hii ya Goma nyepesi, imefumuka ubavuni kwa wingi, na mteremko unashukia kwa watu. Aeleze vipi kwa maneno, na muda hakuna?

"Washa video. Tazama."

Akasukuma tofali chini ya miguu ya meza, upande mmoja, meza ikainama. Akachota sukari kwa kijiko, akaidondosha taratibu. Ikatambaa kidogo, ikapoa, ikajirundika palepale.

"Huyo ndiye kobe wako."

Halafu akashika sufuria kwa kitambaa. Hiyo ilikuwa oda nzima ya jirani yake Hina, ya shughuli ya kesho. Akaimwaga yote kwa mkupuo. Sukari ileile, meza ileile. Ikateleza hadi ukingoni, ikamwagika chini, ikamuunguza mguu.

"Umeona?" akasema, meno kayauma. "Nimeiona inakuja, na bado mguu umeungua."

Simu ikakatika.

Akakaa na mguu kwenye beseni, anapiga, haipatikani. Anapiga tena, haipatikani.

Asubuhi simu ikaita. Hanifu alikuwa ng'ambo ya mpaka, kaliacha gari usiku uleule akavuka kwa miguu. Uwanja wa malori umefukiwa, gari lake limebaki ncha ya bodi.

"Bosi anauliza gari. Nimemwambia funguo ninazo."

Sikudhani hakucheka. Alikuwa anabandua sukari mezani kwa kisu.

"Mguu vipi, dada?"

"Unauma."

"Na kashata za Hina?"

"Utakuja kumweleza mwenyewe."