Dengu za Kila Nchi, na Wageni Wana Njaa

Wiki iliyopita binamu yangu alinipeleka kwenye mgahawa mpya hapa Bukoba, upande wa ziwani, ambao ubao wake wa mlangoni umeandikwa "Dengu za Dunia Nzima". Tuliletewa vibakuli vinne: India, Ethiopia, Misri, Uturuki. Mimi si mtu wa kusema sana mbele za watu, kwa hiyo nilionja kimya. India ilikuwa maji ya manjano. Uturuki ilikuwa maji yaleyale, ila yamekamuliwa ndimu. Watu wa meza ya pili walikuwa wanayapiga picha. Nikamkumbuka jirani yetu wa Muleba, nikajua upuuzi huu nilikwisha kuuona.

Jirani yule alikuwa amewapikia wazungu Dar es Salaam miaka mingi, na aliporudi kijijini alirudi na gunia la dengu nyekundu na pua iliyokunjwa. Kila kitu chetu kilimnukia. Alikuwa akipita nyuma ya jiko la bibi yangu wakati ebitoke, ndizi zetu za kupika, zinachemka pamoja na maharage, zimefunikwa majani ya migomba, na mvuke unatoka na ile harufu ya jani lililokaribia kuungua. Hapo husimama.

"Bado mnakula haya? Wenzenu duniani wanakula dengu."

"Wasalimie," bibi humjibu, akaendelea kuchochea kuni.

Kisha shangazi yangu akapata mchumba kutoka Maruku. Wazee wa upande wa mume walikuwa waje kumaliza mazungumzo, na shangazi alikuwa amekwisha kuvunjikiwa na uchumba mmoja, hivyo nyumba nzima ilikuwa na hofu. Jirani akajitolea kupika. Shangazi akakubali, maskini, alitaka tuonekane watu wa kisasa.

"Maharage msiloweke hata punje," jirani aliamuru. "Siku hiyo jiko ni langu."

Bibi alimtazama shangazi usoni, akakaa kando.

Wageni walifika, wakatafuna buni za kahawa tulizowapa katika kijikapu kama ilivyo desturi, wakanawa mikono. Jirani akaingia na vibakuli vyake, akitaja nchi moja moja kama mwalimu wa jiografia. Wazee walikula kwa adabu, vijiko viwili vitatu. Kisha wakasogeza vibakuli, wakanyoosha miguu juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, wakasubiri. Jirani naye alisimama mlangoni akisubiri sifa. Walisubiriana hivyo mpaka kuku akaingia, akazunguka, akatoka.

Mwishowe baba wa mchumba akakohoa. "Kasinge waitu, mama, asante. Supu zako tumezinywa. Sasa chakula kinakuja lini?"

"Hicho ndicho chakula, baba."

Wazee wakatazamana. Kwetu mtu ambaye hajala ebitoke hajala, hata kama tumbo limejaa, na mkwe aliyenyimwa chakula ameshapewa jibu lake. Mmoja wao alikwisha kushika fimbo. Chumbani shangazi akaanza kulia, amejiziba mdomo kwa kanga.

Bibi alichukua panga, akaingia kibanjani kwenye migomba yake, akarudi na mkungu begani. Tukakaa chini wanawake wote, hata mimi mdogo, tukaanza kumenya. Utomvu ulinata vidoleni. Kisu kinakwaruza ganda, ndizi inadondoka majini, kisu tena, ndizi tena, na ile sauti ikapita dirishani hadi sebuleni. Mzee akairudisha fimbo ukutani.

"Sasa nasikia nimefika kwa watu," akasema.

Lakini maharage hayakuwa yamelowekwa. Bibi akatazama huku na huku, akachukua sufuria ya Ethiopia, akaimimina yote juu ya ndizi.

"Mama! Unaniharibia ya Kihabeshi!" jirani akapiga kelele.

"Siiharibu, mwanangu. Naipa kazi."

Wageni walikula mpaka wakalegeza mikanda, na shangazi akaolewa. Jirani, mpaka anahama kijiji, alikuwa akitangaza kwamba dengu zake ndizo zilizomwoza. Mtu wa namna hiyo hata aibu humkimbia.

Bibi hayupo tena. Ugonjwa wa mnyauko uliingia kibanjani, migomba ikakatwa na kufukiwa, na pale lilipokuwa jiko lake pamejengwa choo cha vigae. Shangazi mwenyewe siku hizi akipata wageni huwapikia wali, kwa sababu unaiva haraka.

Pale mgahawani nilisogeza bakuli la mwisho, nikakunja mikono, nikasubiri. Binamu alikuwa ameshasimama. Nikamwita mhudumu kwa sauti ndogo.

"Kaka, chakula kinakuja saa ngapi?"

"Dada, si ndicho hicho umekula?"

Meza ya pili wakacheka. Waache wacheke, wameshiba picha. Mimi nilitega sikio upande wa jikoni, labda kuna mtu anamenya. Ilikuwa redio tu.