Twyla na mchezaji wa kona ya kaskazini

Saa moja asubuhi, makatapila yameegeshwa nje ya uzio wa Chuo Kikuu cha Harlow, hapa Dakota Kaskazini, yakisubiri Jumatatu yaufumue uwanja, ziwekwe nyasi bandia. Ndani, Twyla Brandvold amepiga magoti kwenye kona ya kaskazini ya uwanja. Anakata nyasi kwa sepetu, kipande kwa kipande, na kukung'uta udongo wake kwenye ndoo.

"Poleni jamani," anaziambia nyasi, kisha anajicheka mwenyewe.

Ana miaka sitini na sita, na karibu thelathini kati ya hiyo amekuwa akiutunza uwanja huu wa mpira wa Kimarekani. Dola ishirini na mbili kwa saa hazijamtajirisha, na magoti yamekwisha. Lakini thubutu kumwambia kwamba nyasi bandia hazihitaji mtu wa kuzimwagilia, uone anavyokukata jicho.

Timu ya Harlow ilianza mwaka 1911, na wavulana wa mashambani waliovaa kofia za ngozi. Vita vya Pili vya Dunia vikawazoa wachezaji wote, timu ikalala, ikaja kuamka vijana waliobaki waliporudi. Tangu hapo imefungwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda, na watu wa hapa wanaipenda hivyo hivyo, kwa ukaidi.

Wanaipenda hata wakifa. Twyla aligundua hilo mwaka wake wa kwanza kazini, alipokuta nyasi zimekauka mahali pamoja, katikati pakiwa peupe. Akadhani mtu kamwaga mbolea. Kumbe ni majivu ya marehemu, shabiki wa timu ambaye mwili wake ulichomwa! Familia ilikuwa imeruka uzio na kuyamwaga yote kwa mkupuo.

"Majivu yakizidi yanaunguza nyasi," anaeleza. "Nikawaambia watu, msije kama wezi, jamani. Nipigieni simu. Tutachanganya na mchanga na mbegu, tutanyunyiza taratibu, na kahawa nitawapa."

Wakaja, mmoja baada ya mwingine, na mji mzima ukajua. Miongoni mwao alikuwa Marvel Ostby, mjane ambaye sasa ana miaka themanini na minne, aliyemleta mumewe, Orrin, kwenye kona ya kaskazini. Mwezi uliopita, aliposikia kwamba uwanja unafumuliwa, alimpigia Twyla simu akiwa amewaka.

"Mnampeleka wapi mume wangu?"

"Mama Ostby, udongo wote unachukuliwa na mkandarasi. Ila nimeongea na wakubwa. Nitakuhamishia ile kona kwenye uwanja wa mazoezi, nyasi za kule zinabaki."

"Mazoezi? Orrin? We Twyla, una wazimu! Mwanamume yule aliyachukia mazoezi kuliko alivyomchukia mama yangu."

"Basi pale nje ya mstari, karibu na benchi..."

Marvel akamkatiza.

"Miaka minne alikaa kwenye benchi hilo, Twyla. Minne! Kila Jumamosi mimi navaa koti langu zuri, nakuja kumwangalia mgongo. Kocha hakumwingiza hata dakika moja. Nimekuja kumwingiza mimi, alipokufa. Leo mnamtoa?"

Twyla anasema alikata simu, akapindua ndoo, akaikalia, akalia. "Nililia kama mtoto. Mkandarasi hana kosa, mimi sina kosa, na bado mume wa mtu anatolewa uwanjani."

Jibu lilikuja na lori la mchanga. Nyasi bandia, kumbe, hazisimami zenyewe. Humwagiwa mchanga juu, ukasuguliwa kwa brashi mpaka uingie katikati ya majani ya plastiki. Twyla aliutazama mchanga ule, akatazama kona ya kaskazini, akamfuata mkandarasi, Dwight Sandvik, mzaliwa wa hapa hapa.

"Nikikupa ndoo ya mchanga wangu, utaniwekea kwenye kona ile?"

"Mchanga wa nini?"

"Mkavu. Nitauchekecha mwenyewe, hutaona hata kijiwe."

Dwight alimtazama kidogo, kisha akavua kofia. "Ni nani?" akauliza.

Ndiyo maana asubuhi hii Twyla anajaza ndoo. Udongo huu utaanikwa, utachekechwa ubaki mchanga na Orrin, kisha urudi uwanjani kabla ya mechi ya kwanza ya Septemba. Marvel naye amefika kuhakikisha, akijikongoja na mkongojo wake, mkononi ana kopo la biskuti.

"Mchanga huo si utaingia viatuni mwa hao vijana?"

"Utaingia."

"Na kwenye soksi?"

"Soksi, masikio, kila mahali. Wakiangushwa, watautema."

Marvel anacheka mpaka anashika uzio asianguke. "Hapo sawa! Na achafuke, achafuke haswa."

Anafuta macho. Kisha anamsogelea Twyla na kuongea kwa sauti ya chini.

"Ila usimwage wote, mwanangu. Nibakizie kidogo. Siku yangu ikifika utuchanganye, tuingie pamoja."

Twyla anaitikia kwa kichwa. Anachota konzi moja ya udongo, anaitia kwenye mkebe mtupu wa kahawa na kuufunga vizuri.

Alikuwa amepanga kustaafu Novemba hii na kuhamia Arizona kwa binti yake, kwenye jua. Jana alimpigia binti kumwambia haji.

"Kazi kama hiyo humwachii mtu mwingine," anasema, akimtazama Marvel anavyojivuta polepole kurudi kwenye gari. "Nitamsubiri. Na namwomba Mungu anisubirishe sana."