Safari ya Magauni Mawili

Jirani yangu, fundi cherehani, hana saa. Muda anaupima kwa kazi. Suruali humchukua saa tatu, gauni la mikunjo saa sita. Pini huzibana midomoni, hivyo huongea kama anayepiga mluzi. Alfajiri binti yake, ambaye hajamwona miaka minne, alimpigia kabla ndege haijaruka. "Ni kilomita elfu tisa, mama. Masaa kumi na mawili angani." Fundi akatoa pini, akahesabu kwa vidole. "Magauni mawili tu? Basi si mbali, mwanangu." Akaketi, akaanza la kwanza.

La pili lilikuwa limebakiza mkono mmoja simu ilipolia tena: upepo umewasukuma, wameshatua. "Huyo rubani ana haraka gani," akanung'unika, uso umemchanua, akalibeba gauni, nami nikamfuata mbio. Uwanjani, binti alipotokea na mizigo, fundi alimvika lile gauni juu ya nguo za safari, akachomoa sindano kwenye kola yake, akaanza kuushona mkono uliobaki. Abiria wakatuzunguka wakicheka.

"Mama, nikumbatie kwanza."

"Tulia, nisikuchome. Bado hujafika."