Safari Isiyokuwa na Mkubwa

Nilikuwa mnyapara wa wapagazi Bagamoyo, miaka ile kampuni ya Wazungu ilipofungua ghala lake. Kazi yangu ilikuwa kukusanya watu, kuwalisha, na kuwavusha Mto Ruvu kabla ya masika. Mto ukijaa hakuna safari, na mpagazi aliyepotezewa msimu hakukuamini tena.

Wapagazi wana jambo lao. Kirangozi, yule anayetangulia na bendera, humchagua wenyewe, na asipoinua bendera yeye, hapana anayejitwika mzigo. Hilo mji mzima ulilijua. Mzungu wa ghala akaichukua bendera akampa mpishi wake, eti ni mtu wake wa siku nyingi. Wapagazi wakakaa juu ya mizigo wakacheka.

Nikamwendea. "Bwana, mrudishie bendera mwenyewe, tuondoke."

"Mimi ni wa ghala tu. Mambo ya watu yako kwa bwana wa ofisi."

Bwana wa ofisi akaniambia vyeo hutolewa na mkubwa wa Unguja. Mkubwa wa Unguja naye akaleta neno kwamba lazima waulizwe wakubwa wa baraza la kampuni, huko Ulaya. Jamani! Wazee wakae Ulaya waamue nani ashike kitambaa chekundu Bagamoyo! Husemwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa kila nahodha alikuwa akinionyesha mwenzake.

Wapagazi wakaanza kuondoka, wawili leo, kumi kesho, wakaenda kwa tajiri mmoja wa Kihindi ambaye hakuwaingilia katika mambo yao. Kirangozi alikuja mwisho kuniaga.

"Mnyapara, sisi tulikuja kwa neno lako, si la Mzungu. Umetuweka hapa kama mbuzi wa mnadani."

Neno lile liliniuma kuliko yote. Hata wiki haikupita, masika yakaanza, mto ukafurika.

Ndipo mkubwa wa Unguja alipokuja mwenyewe. Akaitazama mizigo uani, imelowa, imeota ukungu, akauliza kwa ukali, "Mkubwa wa safari hii ni nani?"

Wa ghala akamtazama wa ofisi. Wa ofisi akanitazama mimi.

"Huyu hapa," wakasema kwa pamoja.

Mwezi mzima nilizunguka nikimtafuta mkubwa wa safari ile, kumbe ni mimi.