Nyasi za Ndama wa Mzee Koinet

Nimewahi kuanguka kwenye ngazi za maktaba mbele ya darasa zima, na nimewahi kumwita mhadhiri wangu "baba" bila kukusudia, lakini aibu hizo mbili siwezi hata kuzihesabu nikikumbuka siku niliyotamani udongo wa Kitengela upasuke unimeze (na kwa kweli ule udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi, nyufa za kuingiza mguu mpaka goti). Siku yenyewe ni ile niliyomkosea Mzee Koinet kwa mashine ya kukata nyasi. Sikumgonga. Afadhali ningemgonga.

Ni lazima nianze na baba yangu. Alistaafu ualimu wa hesabu miaka ya tisini ikiyoyoma, akahama nyumba ya kupanga Nairobi, akaenda kukaa kwenye ekari zake tano kule Kitengela wakati majirani bado walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mama alikuwa bado anafundisha Bungoma, amebakisha miaka miwili, kwa hiyo baba alikuwa peke yake, Mbukusu katikati ya nyika, na rafiki mmoja tu, Mzee Koinet, Mmaasai aliyemuuzia hiyo ardhi. Kila siku saa kumi jioni Mzee Koinet alivuka kutoka kwake na fimbo yake, wakakaa nje ya nyumba na thamosi ya chai katikati yao, mmoja akisimulia habari za ng'ombe na mwingine habari za wanafunzi, na ukiwasikiliza kwa mbali ungedhani ni hadithi moja. Hawakuwa hata na ua kati yao. Mpaka ulikuwa mawe matatu yaliyopakwa chokaa.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nina digrii ya uchumi na sina kazi, kwa hiyo nilirudi kukaa na baba na kumrekebisha kwa kila jambo. (Kanisani pia nilikuwa nimeshamuuliza pasta mambo fulani, na tangu hapo alikuwa ananiombea kwa jina.)

Mwaka huo mvua ilinyesha vizuri halafu ikakatika ghafla. Nyasi zetu zilikuwa zimefika magotini, baba ameua nyoka wawili karibu na tangi la maji, na magoti yake hayawezi tena kazi ya kufyeka kwa slasha. Siku moja akatoa kwenye Biblia yake kipande cha gazeti alichokuwa amekikunja mara nne. Ilikuwa picha ya mashine ya kukata nyasi, ile ya kukaliwa, nyekundu, kama trekta iliyofuliwa ikanywea. Akaniambia amekuwa akiitazama kwa miezi sita na anaitaka hiyo, mpya, kutoka dukani Nairobi.

Tukaenda dukani. Nilimuuliza muuzaji kwa nini waranti ni mwaka mmoja tu kama kweli mashine ni nzuri kama anavyosema, na hayo mafuta anayosema inakula yalipimwa na nani, na yalipimwa wapi, maana Kitengela si Uingereza, na kama visu vikigonga jiwe nani atalipa, na yule kijana akajibu, akajibu, mwishowe akasema anaenda kuangalia kitu kidogo ofisini na hatukumwona tena. Wakati wote huo baba alikuwa amekalia ile mashine katikati ya duka, ameshika usukani kwa mikono miwili, anatabasamu peke yake. Nilimwona. Nikamwambia ashuke tuende.

Njiani nikamweleza kwamba kitu kipya huanza kupoteza thamani siku kinapotoka dukani, na kwamba mwenye akili hununua kilichotumika, mwenzake akishabeba ile hasara. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema (huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake), "kitu mpya haina siri ya mtu mwingine ndani yake."

Nikamwambia hiyo si hoja.

Wiki hiyo hiyo nikasikia kuna shamba la maua linafungwa na linauza vyombo vyake. Meneja alinionyesha mashine kama ile ya dukani, imepauka kidogo, nusu ya bei. Nikampa maelezo yangu yote kuhusu thamani ya vitu vipya na vitu vilivyotumika, naye akakubali kila neno, akatikisa kichwa kwa huzuni juu ya watu wanaotupa pesa madukani, akasema ni mara ya kwanza kukutana na mnunuzi anayeelewa mashine. Jamani, mimi niliyemkimbiza muuzaji wa watu mpaka akajificha ofisini, sikumuuliza huyu hata swali moja. Aliiwasha, akaiendesha, ikakata mstari safi, halafu akaielekeza kwenye tuta la udongo kando ya kitalu, ikagonga pale ikasimama, naye akainama akachomoa kitu fulani kwenye injini, ikazima. Nikadhani ndivyo anavyopenda kuegesha, nikalipa.

Ililetwa kwa pikapu Jumamosi asubuhi, siku ambayo kikundi cha maombi kilikuwa kinakutana kwetu, watu kama ishirini chini ya turubai, pasta akiwa mbele na Mzee Koinet kando yake kwenye kiti cha heshima. Baba aliniambia tungoje Jumatatu fundi aiangalie kwanza. Nikasema ni dakika mbili tu, wageni waone.

Nusu dakika ya kwanza ilikuwa tamu. Ilinguruma, nyasi zikaruka kando, kina mama wakapiga makofi, nami nikampungia baba mkono. Halafu nikakanyaga breki ili nigeuke, na kile chuma kikashuka mpaka chini kama nimekanyaga andazi. Nikazungusha ufunguo kuizima, ikaendelea kunguruma. Nikavuta mkono wa kuinua visu, ukang'oka nikabaki nao hewani kama mtu anayetaka kumpiga mtu (waliokuwepo wanasema nilionekana hivyo hasa). Ndipo nikakumbuka lile tuta la udongo, nikaelewa kwamba yule meneja hakuwa akiegesha, na kwamba tuta lenyewe ndilo lililokuwa breki yake.

Turubai lilikuwa mbele yangu na watu walikuwa wameanza kubeba viti vyao. Nikakata kulia kwa nguvu zangu zote. Huko kulia, baada ya mawe ya chokaa, kulikuwa na nyasi ndefu kuliko zote za eneo lile, nene, hazijaguswa, na kwa akili yangu ya chuo nikasema hapo pameachwa tu, hakuna anayepatumia, nikiingia pale itakwama na kila mtu atapona.

Haikukwama. Ilipita mle kama mkasi kwenye kitambaa, nikazunguka raundi moja, ya pili, ya tatu, nikiwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja na kile chuma kilichong'oka kwa mkono wa pili, ndama waliokuwa kando wakikimbia huku na huku na mikia juu, baba akinifuata na magoti yake yale, pasta akimfuata baba na koti begani, na kina mama wakiimba wimbo wa kukemea pepo. Katikati ya raundi ya nne nyasi zilijisokota kwenye visu mpaka injini ikakohoa ikafa.

Wote walikuwa wamekimbilia kule isipokuwa Mzee Koinet, ambaye alikuja polepole, akasimama ukingoni akatazama.

"Hiyo ni chakula ya ndama," akamwambia baba. Hakusema na mimi. Akavuka kwenda kwake, na kiti chake kikabaki wazi siku ile yote.

Baba ndiye aliyenieleza kwamba pale palikuwa olopololi, malisho ambayo Mmaasai huyatenga karibu na boma kwa ajili ya ndama na ng'ombe mgonjwa, na hayaguswi mpaka kiangazi kikaze. Vijana wa Mzee Koinet walikuwa wameshahamisha ng'ombe wakubwa kuelekea Bissil kutafuta nyasi. Zile nilizokata ndizo alizokuwa amewawekea waliobaki.

Jumapili saa kumi baba alitoa thamosi na vikombe viwili, akanywa peke yake. Jumatatu hivyo hivyo. Jumanne nilimwambia aache kuweka kikombe cha pili, kinaniumiza macho. Hakukasirika.

"Mama, mimi hapa sina mtu mwingine," akasema.

Jumatano nikavuka mwenyewe. Mzee Koinet alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba yake. Nikainamisha kichwa aniguse, kama vijana wanavyosalimia wazee kule, na mkono haukuja. Nikabaki nimeinama nikitazama akala zake, vile viatu vya tairi, na sisimizi mmoja aliyekuwa akivuka kidole gumba cha mguu, na huyo sisimizi alifika upande wa pili na mimi bado nimeinama. Nikaanza kujitetea nikiwa pale chini. Nikamwambia kuhusu breki, na ufunguo, na yule meneja mwongo.

"Kukata ilikuwa mashine," akanikatiza. "Kuacha ikauke hapo siku nne, hiyo ilikuwa nani?"

Nilikuwa nimeona aibu hata kukanyaga pale, nikazipitia mbali zile nyasi kila siku, na haikuwahi kunijia akilini kwamba nyasi zilizokatwa bado ni nyasi.

"Ilikuwa mimi, mzee."

Ndipo mkono ukaja kichwani, mzito, akakisukuma kidogo kama mtu anayejaribu tikiti kama limeiva.

"Leta gunia," akasema.

Siku tisa nilikusanya nyasi kwa reki na kwa mikono, nikazibeba mgongoni kwa magunia mpaka bomani, nikawalisha ndama na yule ng'ombe mgonjwa. Nyingine tulizirundika chini ya turubai la kikundi cha maombi ambalo pasta alikubali kuliacha (aliponiona na gunia alisema ameona maombi yake yakijibiwa). Mke wa Mzee Koinet, ambaye nilifundishwa kumwita Yeyo, yaani mama, alikuwa akicheka ninavyobeba, halafu anakuja kunifunga upya kamba kwenye paji la uso. Ndama mmoja mwekundu alizoea kunifuata mpaka kwenye mawe ya chokaa.

Siku ya kumi, saa kumi, Mzee Koinet alivuka. Akakaa. Baba akammiminia chai, na mimi nikaingia jikoni nikajifanya natafuta sukari iliyokuwa mezani. Nikawasikia wakizungumza habari za yule ng'ombe mgonjwa kama vile walikuwa wameachia hapo jana.

Baadaye Mzee Koinet akauliza ile mashine mbovu tutaifanyia nini. Baba akasema itauzwa kama chuma chakavu, na yeye atarudi Nairobi kuchukua ile nyekundu mpya.

"Tutaenda sisi wawili," Mzee Koinet akasema. "Hiyo ingine nataka niione ikisimama na macho yangu, kabla ije kukaa karibu na ndama zangu. Na huyu msichana wako asiongee."

Tukaenda wiki iliyofuata kwa pikapu ya pasta, mimi nikiwa dereva, na nikaambiwa nibaki ndani ya gari. Tangu siku ile nimejiapia kwamba mtu anayekubaliana nami haraka ndiye nitakayemuuliza maswali mpaka aombe maji, lakini siku hiyo nilitii, nikakaa. Kupitia kioo cha mbele niliwaona wakitoka na muuzaji yule yule mpaka uani kando ya duka. Baba akapanda ile nyekundu, akashika usukani kwa mikono miwili. Mzee Koinet akatembea hatua kumi mbele yake, akageuka, akasimama wima na fimbo yake, akamwita kwa mkono. Muuzaji alikuwa ameshika kichwa. Baba akaja moja kwa moja kuelekea kwa rafiki yake, taratibu, akakanyaga breki, na mashine ikasimama hatua moja kutoka kwenye akala.

Mzee Koinet akaitazama kidogo. Halafu akarudi nyuma hatua kumi nyingine, akamwonyesha baba kwa fimbo aje tena, na baba, ambaye sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu astaafu, akaja.

Nilikuwa na maswali kama kumi na mawili. Nikapandisha kioo cha gari.