Mkono Uliofungwa Ukiwa Umekunjwa

Nimeona ndani ya ngozi yangu. Dokta alibandika vipande viwili vya plasta kwenye kovu la kiwiko changu cha kuume, akavivuta polepole kwa skrubu ndogo, na chombo chake cha mwanga kikapeleka picha kwenye kompyuta. Alivuta, akangoja, akavuta tena. Nyuzi za ngozi kwenye picha hazikusogea hata kidogo.

Wamama wenzangu, nawaeleza yote tangu mwanzo ili msifanye nilichofanya.

Naishi Lusangi, nakamua mawese. Mkono huu ulitwanga ngazi, yale matunda ya mchikichi, tangu asubuhi hadi jua la utosi bila kuchoka. Siku moja ya kiangazi, pipa la ngazi zinazochemka liliteleza kwenye jiwe la meko. Maji na mafuta yakanimwagikia kutoka kifundo cha mkono hadi juu ya kiwiko. Mama yangu aliponivua blauzi, ngozi ilitoka nayo. Chini yake palikuwa pekundu, panatoka maji.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliosha kidonda, akaufunga mkono kwenye kibao, umenyooka. Mama akiwa bado nje, akaniambia, "Kila siku mukiisha kuosha, mufunge tena mukono. Ubakie wa kunyooka, hata kama unaumia."

Kwetu mkono ulioumia hufungwa kwa kikwembe shingoni, umekunjwa kifuani kama mtoto anayenyonya. Siku ya tatu Mama alitoa kibao ili aoshe, kisha akachukua kikwembe. Nilisikia nafuu papo hapo, maana mkono ukikunjwa kidonda hakivutwi. Mama aliniuliza kama ndivyo muuguzi alivyotaka. Nilijibu, "Alisema mufunge." Neno hilo alilisema kweli. Yaliyofuata niliyasikia pia, nikayaacha.

Kidonda kilinuka usaha wiki mbili, kisha kikaanza kufunga. Majirani walinipongeza. Kilipofunga chote, kiwiko nacho kilikuwa kimefunga. Kovu nene lilikatiza penye mkunjo kama kamba, linawasha, linapasuka nikilazimisha. Sikuweza kutwanga, wala kushika jembe, wala kufikia chini ya chungu. Mkono ulifika mdomoni tu. Shemeji yangu alinitania kwamba Mungu ameniachia mkono wa kula. Nilicheka naye, kisha nikaenda kulia nyuma ya nyumba.

Mwaka ulipita. Tukasikia kwamba hospitali moja ya Kasongo imepata dokta mgeni anayechunguza makovu. Mama na miye tulipanda pikipiki moja, siku mbili za matope.

Dokta alianza na mkono wa kushoto. Kwenye picha nyuzi za ngozi nzima zilikuwa zimejipinda, kila moja na upande wake. Alipovuta zilinyooka na kujipanga, alipoachia zilirudi. Akahamia kwenye kovu. Huko nyuzi zilikuwa zimelala upande mmoja, zimebana kama makapi ya ngazi yaliyokwisha kukamuliwa.

"Mama, hii ngozi haina tena kitu ya kutoa," aliniambia. "Nyuzi zote zilikwisha kunyooka. Wakati kidonda kilikuwa kinajenga, mukono ulikuwa wa kukunjwa. Nani aliukunja?"

"Ni miye," Mama alijibu, amekaa nyuma yangu.

"Hapana," nilisema. "Miye nilisikia vizuri, dokta. Yeye hakuambiwa yote."

Mama aliniangalia, akaanza kujifunga kikwembe chake upya.

Walikata kovu, wakapachika ngozi kutoka pajani. Paja liliuma kuliko mkono. Sasa nalala na kibao, na kila asubuhi Mama ananishika kiwiko, ananinyoosha huku nauma kitambaa. Mume wangu huweka alama ya makaa kwenye nguzo ya mlango pale vidole vinapofika. Alama zilipanda vizuri miezi miwili.

Namshukuru muuguzi wa Lusangi, aliyenipokea tena bila kunisuta. Namshukuru Mama, ambaye hajanitaka nieleze. Na ninyi, mkiambiwa mfunge, ulizeni mfunge namna gani. Kisha mfikishe nyumbani maneno yote, hata lile linaloumiza.

Wiki tatu sasa alama haijapanda. Dokta alisema kovu huendelea kujijenga muda mrefu, na kwamba picha ya pili ndiyo itakayoonyesha kama nyuzi mpya zinakubali kuvutwa au zinajipanga kama zile za kwanza. Amekwisha kuondoka na chombo chake, na hospitali haijui kama atarudi.