Farasi Tuliyempakia Moba

Mwezi uliopita nilirudi Kalemie, na usinicheke nikikwambia kwamba kilichonipeleka utotoni si ziwa wala harufu ya ndagala zilizoanikwa mchangani. Ni picha kwenye simu. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anatazama farasi. Akaweka kidole kwenye ncha ya masikio, akakishusha hadi kwenye kwato, akaniuliza, "Tantine, huyu urefu wake ni mita ngapi?" Nikamwambia farasi hapimwi masikioni. Nilisema kwa ukali hata yeye akashtuka, nami nikatoka nje kidogo nipumue.

Papa alikuwa mtunza farasi kwenye shamba la ng'ombe, juu kwenye milima ya Moba, ambako asubuhi baridi inauma vidole na bukari, ugali wetu, ya jana unaikuta imekuwa ngumu kama jiwe. Kabla ya shule nilibeba maji, nikachana manyoya marefu ya shingo, nikatoa vijiwe kwenye kwato kwa kijiti. Papa hakupenda maneno ya ovyo. Mtoto wa farasi usimwite ndama mbele yake. Ile kamba ya kichwani ilikuwa na jina lake, na chuma cha mdomoni, lijamu, kilikuwa na jina lake. Na pale shingo inapoishia na mgongo unapoanza, kwenye mfupa ulioinuka, alipaita garo, kama wazungu wa zamani wa shamba lile. Kupima, alilaza kiganja kwa upana mguuni pa mnyama, juu yake akaweka kingine, akapanda hivyo hivyo hadi kwenye garo, akasimama hapo. "Kichwa kinapanda, kinashuka," alisema. "Garo haidanganye muntu."

Vita vilipofika, mwenye shamba alikuwa ameshaondoka. Ng'ombe waliswagwa, farasi wakachinjwa mmoja mmoja, na mwisho akabaki jike mmoja wa rangi ya kahawia ambaye Papa alikuwa amemficha bondeni. Mama alikuwa ameshatangulia Kalemie na wadogo zangu. Sisi wawili tuliteremka na yule jike hadi ufukweni, na milio ya bunduki ilisikika nyuma yetu.

Boti la mwisho lilikuwa la mbao, limejaa watu, mbuzi na magunia ya mahindi. Juu ya vichwa vya watu kulikuwa na chuma kilichoshika paa la mabati. Kapiteni alitazama masikio ya farasi, akatazama chuma.

"Papa, huyu haingie. Kichwa yake itapasua mabati."

"Kapiteni, farasi hapimwe kichwa," Papa alijibu kwa adabu. Akapima mbele ya watu wote, kiganja juu ya kiganja. Kumi na vinne na vidole viwili. Kisha akaingia botini, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye chuma. Kumi na saba. "Anatosha. Kichwa, tutakishikilia chini mimi na mutoto."

Kapiteni alitazama kule milio ilikotoka, akasema tupande. "Lakini akituharibia boti, anaenda majini. Na wewe mwenyewe njo utamusukuma."

Mutoto alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi.

Kwa muda mrefu jike alitulia. Pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni mwangu. Halafu upepo wa kusini ukaamka, mawimbi yakaanza kupiga ubavuni, na mbuzi wakaanza kulia. Jike akainua kichwa kabla sijakaza kamba. Nilisikia chuma kikilia, damu ikashuka katikati ya macho yake. Akapiga ukwato mara moja tu. Ubao ukapasuka, maji yakaanza kupanda kati ya miguu yetu.

Wamama wakaanza kuteka maji kwa sufuria. Kapiteni akaja na shoka, amelishika chini chini.

"Papa, nilikuambia."

"Uliniambia," Papa alisema. "Akiinua kichwa tena, nitamusukuma mimi mwenyewe."

Bibi mmoja aliyekaa juu ya gunia alifungua kitenge chake cha juu, akanipa. Tukamfunga jike macho. Papa akaning'iniza uzito wake wote kwenye kamba, mimi nikakumbatia pua kwa mikono miwili, kifua changu kwenye taya lake, miguu yangu kando ya kwato zake. Kila wimbi lilipokuja nilihisi shingo ile ikijikaza, ikitaka kupanda, nami nikamtajia kwa sauti ndogo mambo ya nyumbani: maji, majani, bonde, maji. Sijui ni saa ngapi zilipita. Hakuinua kichwa tena.

Kalemie ilipoonekana, kapiteni hakutaka kuingia bandarini na mnyama yule. Akatushusha kando, penye maji ya kifuani. Tukamfungua macho, jike akaruka, akakata maji, akasimama mchangani akitetemeka, na watoto wa mtaa wakakimbia kumwona. Mama alilia. Mimi nilijiona nimeshinda vita.

Aliishi nasi miezi minne nyuma ya nyumba. Kwanza akaacha kula, kisha mbavu zikatokeza, macho yakawa na ukungu. Mbung'o wa kule Kalemie, chini kwenye joto, farasi hawawawezi. Asubuhi moja tulimkuta amelala, na majirani wakamsaidia Papa kuchimba.

Siku ile nilimuuliza Papa kama alijua tangu Moba kwamba atakufa Kalemie.

"Nilijua," alisema. "Kule juu asingemaliza juma. Hapa alikula majani miezi minne."

Papa alipata kazi ya kupakua simenti iliyotoka kiwandani Kabimba, na hakugusa farasi tena hadi alipofariki. Milimani kule, nasikia, vibanda vya farasi vimebaki kuta tu, na watoto wanaozaliwa pale hawajawahi kumwona hata mmoja. Yule jike hakuwa na kaburi lenye alama. Nyumba ya jirani imejengwa juu yake, nzuri, ya matofali, na wenyewe hawajui. Mwezi uliopita walinikaribisha chai, nikanywa, sikuwaambia.